Umeme wa kutoa shaba upo. Wa kusafisha maji umekosekana?

Vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Novemba 2025, maji ya kiwanda cha CDM yalitoka mu bwawa lake na kuingia mu mitaa ya watu, hapa hapa mjini. Waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi ya kompanyi ile kwa miezi mitatu. Vizuri. Lakini kusimamisha kazi hakusafishi maji, na bwawa si usafishaji. Jirani zetu wa Zambia waliona Februari 2025: bwawa la Sino-Metals kule Chambishi lilibomoka, asidi ikafika mto Kafue.

Tusidanganywe eti dawa hakuna.

Dawa ya kawaida ni chokaa. Asidi inapungua, metali zinaganda na kushuka chini. Lakini kama maji yana kemikali zinazobana metali kama makoleo, mfano EDTA, chokaa peke yake haitoshi. Maji yanaonekana masafi, kumbe shaba na kobalti zimo ndani, zinaendelea na safari mpaka muriba.

Hapo njo umeme unasaidia. Unaingiza mabamba mu maji, unapitisha umeme. Kwa bamba moja yale makoleo yanavunjwa, kwa bamba lingine shaba inashikamana. Mabamba yakiwa ya chuma, yanayeyuka pole pole na kutoa tope linalozoa metali nyingine. Unachuja.

Sasa tuulize: katodi za shaba zinazopita na malori kila siku kwenda Kasumbalesa, zinatengenezwa namna gani? Kwa kupitisha umeme mu maji ya asidi! Kazi hii wanaijua. Wanaijua wakati shaba ni ya kuuza, wanaisahau wakati maji ni ya kumwaga. Hii si ujinga, ni hesabu: kusafisha kunalipwa na kompanyi, uchafu unalipwa na bamama wenye visima.

Watasema umeme ni ghali, SNEL inakata. Hata sisi tunalala giza. Lakini asidi pia ni ghali, mafuta ya malori pia, na wanalipa. Kusafisha maji kuingie mu bei ya shaba, basi.

Sheria iko upande wetu. Kifungu 285 bis cha Code minier ya 2018 kinasema mwenye haki ya madini atalipa hasara aliyoletea watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa lake.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kiwanda chochote kisifunguliwe tena bila mtambo wa kusafisha unaoweza kutoa hata metali zilizobanwa.
2. Maji yapimwe na maabara huru, metali zote kwa jumla. Wakemia waliosoma Unilu wako hapa, wengi bila kazi. Wapeni chupa na vipimo.
3. Majibu yabandikwe mu mitaa kila mwezi, kwa Kiswahili.
4. Waliopata hasara walipwe, visima vyao vipimwe kwanza.

Ulize mu mtaa wako: maji ya kiwanda yanapita wapi? Piga picha, andika tarehe, tutumie. Tusinyamaze.