Upanga Ukae Alani: Sheria ya Silaha Katika Michezo ya Vijana

Wako wazee wengi hapa Pwani ambao wakiwaona vijana wamejiinamia mbele ya kioo, wakikatana kwa panga za kubuni, husema ya kwamba michezo hiyo ndiyo inayowafunza ujambazi. Maneno haya yamezidi kusikika tangu magenge ya mapanga yaanze kuhangaisha watu Kisauni na Likoni. Vijana nao hujibu ni mchezo tu. Mimi naona pande zote mbili zimeruka swali lililo kubwa zaidi: katika miji hiyo ya kubuni, sheria ya silaha ni ipi?

Nilimtaka mpwa wangu anionyeshe. Alifungua Skyrim, mchezo uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 2011. Shujaa wake akaingia mjini na upanga kiunoni na silaha nyingine tele mzigoni, akawapita askari wa lango, na hakuna aliyemwuliza neno.

"Mbona hawamzuii?" nikamwuliza.

"Mjomba, askari hawana haja na silaha yako. Wana haja na utakalofanya."

Jibu lile si baya, lakini hebu tutazame linalofuata. Akimshambulia mtu, huandikiwa deni la vipande 40 vya dhahabu. Akiua, vipande 1,000. Askari akimkamata hulipa akaenda zake, au hufungwa, na akitoka gerezani hurudishiwa upanga wake. Akiua pasipo kuonekana na mtu, hadaiwi kitu. Na la ajabu kuliko yote ni kwamba akimwua na shahidi wa mwisho, deni lenyewe hufutwa!

Msomaji aliyepitia vitabu vya fikihi ataishangaa hesabu hiyo ya 1,000, maana wanazuoni wameitaja diya ya mtu kuwa ngamia 100, au dinari 1,000 za dhahabu. Hapana shaka ni sadfa tu. Ila diya hupewa jamaa za marehemu, na aliyeuawa kwa kusudi jamaa zake ndio wenye haki ya kudai kisasi, kupokea diya au kusamehe. Kule mchezoni dhahabu humwendea askari, na wafiwa hakuna anayewauliza.

Si michezo yote iliyo hivyo. Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974 na ambao huchezwa mezani kwa dadu na karatasi, una ulimwengu wake mmoja uitwao Forgotten Realms, uliobuniwa na Ed Greenwood wa Canada na kuchapishwa kwa ajili ya mchezo huo mwaka 1987. Humo mna ufalme wa Cormyr, ambako aingiaye na upanga sharti aufunge mpini kwa kamba hata usiweze kuchomolewa kwa ghafula. Kundi la watu wenye silaha nalo halina ruhusa ya kuzurura nchini bila hati ya mfalme. Nadhani mwandishi huyu alifahamu vizuri ya kwamba watu wa soko moja hawawezi kuuziana wala kuaminiana ikiwa kila mkono uko kwenye mpini.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Katika suluhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, Makureshi walikubali Waislamu waingie Makka mwaka uliofuata kwa siku tatu, na panga zao ziwe ndani ya ala. Mtume (S.A.W.) aliamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vyembe vyake, asije akamjeruhi mtu, na akakataza mtu kumpa mwenziwe upanga uliochomolewa. Imam Bukhari amepokea pia kisa cha Abdullahi bin Umar, aliyechomwa mguuni na ncha ya mkuki huko Mina. Hajjaj bin Yusuf, gavana aliyeogopwa kupita kiasi, alikwenda kumtazama akasema laiti angejulikana aliyemdhuru. Bin Umar akamwambia usoni ya kuwa ni yeye Hajjaj, kwa kuwa ndiye aliyeruhusu silaha ibebwe siku isiyobebwa na iingizwe katika Haram. Lawama haikumwendea mshika mkuki peke yake, bali ilimwendea na mtawala aliyelegeza sheria.

Ndugu zetu wa Oman mpaka leo huvaa jambia katika sherehe, na limo katika nembo ya taifa lao. Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi na desturi zake katika orodha ya urithi wa binadamu. Limo kiunoni mbele ya kila mtu, na mwenye kulichomoa kwa hasira amejivunjia heshima yeye na ukoo wake.

Panga la Kisauni halina ala wala ukoo. Huwezi kulipiga marufuku kama bunduki, ambayo Sura ya 114 ya sheria za Kenya yataka iwe na leseni, maana panga ni la shamba na la kufulia nazi, na kila nyumba inalo. Linalonitia hofu ni jinsi mitaa yetu inavyofanana na mji ule wa Skyrim. Kijana humkata mtu usiku, majirani wakamtambua, wakanyamaza. Wazee hukutana, gharama za hospitali zikalipwa, kesi ikafia hapo, na aliyekatwa hakuulizwa kama ameridhika. Wengine huiita sulhu hiyo diya, nayo siyo. Wala Kadhi hana nafasi hapa, kwani Katiba ya 2010 imemwachia mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi.

Kenya inayo sheria ya kuwalinda mashahidi tangu mwaka 2006. Maimamu wetu, ambao Ijumaa huzungumza sana juu ya simu na michezo, wangeitaja nayo katika hotuba zao, na wawaeleze watu waziwazi: shahidi anayeogopa kulipiziwa afike wapi, aseme na nani, na ulinzi huo huombwaje.