Rejeta Ndogo au Kiini cha Hita?

Tangu BAKITA iundwe mwaka 1967, istilahi nyingi zimesanifiwa. Za ufundi, hata hivyo, aghalabu huanzia katika kamusi ya Kiingereza, si gereji. Huko Chake Chake, Pemba, pikapu ya dizeli tuliyosafiria ilipovuja maji ya moto miguuni mwa abiria, fundi alitamka: "Rejeta ndogo imetoboka." Kifaa hicho, kilicho nyuma ya dashibodi, hupitisha maji ya moto ya injini ili feni ipulize joto ndani ya gari. Tafsiri sisisi ingetupa "kiini cha hita", ilhali kifaa hiki si kiini cha chochote. Jina la fundi, ingawa limejengwa juu ya neno la mkopo, linaeleza umbo na kazi: vijibomba na vibati vitoavyo joto, kama ilivyo rejeta kubwa. Kwa kuwa Pemba haina baridi ya kudai hita, hakubadilisha kifaa. Aliiunganisha mipira yake miwili, maji yakakipita kando.

Wanaisimu tukimpita fundi kando vivyo hivyo, mwanafunzi wa mafunzo ya amali atabeba istilahi mbili: ya mtihani na ya kazi. Kwa maoni yetu, utafiti utangulie gereji, kamusi ifuate.