Mgongo wa Mchukuzi wa Kalundu



Tazameni bandari ya Kalundu alfajiri. Wachukuzi wanashusha magunia, akina mama wanabeba beseni za ndakala kuelekea sokoni, na wengi wao hutembea wameinama hata mzigo ukishatuliwa. Maumivu yao hayaui, ndiyo maana hayahesabiwi. Ni haki kituo cha afya kitangulize malaria na kipindupindu. Lakini je, mwenye kuumwa mgongo miaka kumi aambiwe avumilie tu, au ameze vidonge vya sokoni bila ushauri?

Wapo waliokataa jibu hilo. Mwaka 1970, huko Bronx, mtaa wa maskini wa New York, vijana wa asili ya Puerto Rico walioitwa Young Lords waliikalia hospitali ya Lincoln wakidai watu wao watibiwe kwa heshima. Katika harakati hizo ilizaliwa huduma ya kuwasaidia waliotekwa na dawa za kulevya, na baadaye ikaingia humo akupancha, yaani tiba ya sindano nyembamba: sindano tano sikioni, wagonjwa wakiketi pamoja. Mwaka 1985 kikaundwa chama cha kuwafundisha wengine njia hiyo. Mwaka 2002, mjini Portland, kliniki nyingine ilipanga viti katika chumba kimoja, ikamwachia mgonjwa achague mwenyewe alipe kiasi gani, kati ya kima cha chini na cha juu, bila kuulizwa mapato yake. Na hapa jirani, Uganda, mradi wa PanAfrican Acupuncture Project umewafundisha wahudumu wa afya wenyeji tiba hiyo.

Basi nayapinga makundi mawili. La kwanza husema: “Hayo ni mambo ya matajiri.” Historia ya Lincoln inawakanusha. La pili ni hatari zaidi, kwa kuwa limo kati yetu: wale wanaojifunza ufundi, kisha wakauficha ili wabaki wachache na bei ipande. Ujuzi wa kuponya usiofundishwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Wataniambia kwamba huduma ya bure haidumu. Ni kweli. Hata Msamaria mwema alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili; hakuidharau gharama, aliibeba kwa kadiri ya uwezo wake. Vivyo hivyo mfanyabiashara atoe zaidi, mchukuzi atoe kidogo, na mlango ubaki wazi kwa wote wawili.

Sisemi kila kijana ashike sindano. Kazi hiyo yahitaji mafunzo na kibali. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja tu, kisha hutupwa salama. Haiponyi malaria wala kipindupindu, na wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa nguvu yake. Lakini tafiti zimeonyesha kwamba huwapunguzia baadhi ya watu maumivu ya muda mrefu, na kwa anayelala akiugua kila usiku, nafuu hiyo si jambo dogo.

Katika mkutano wenu ujao, jibuni maswali matatu. Ni muuguzi gani wa parokia yetu anayeweza kutumwa kujifunza, kwa sharti kwamba naye atawafundisha wawili? Ni ukumbi gani wenye mabenchi unaokaa mtupu tangu Jumatatu hadi Ijumaa? Nani ataandika daftari la mfuko kwa uaminifu? Msiondoke kabla ya kuandika majina.