Chombo cha Kazi Chenye Kufuli



Mwezi uliopita tawi letu hapa Kampala lilikuwa na mkutano ambao nusura uvunjike. Haukuhusu mishahara wala likizo. Ugomvi ulikuwa juu ya programu za kompyuta ambazo vijana wetu huzitumia kutengenezea tovuti. Upande mmoja walikaa wale wanaotumia programu za kuona, yaani zile ambazo unaweka picha hapa, maandishi pale, unavuta kwa kipanya, na programu yenyewe inaandika lugha ya tovuti kwa siri nyuma ya pazia. Upande wa pili walikaa wale wanaoiandika lugha hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari, katika programu huria. Hizo ni programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, kila mtu ana ruhusa kuyasoma, kuyarekebisha na kumgawia mwenzake. Wa kwanza waliwaita wenzao watu wa majivuno. Wa pili walijibu kwamba mtu wa kuvuta picha kwa kipanya si fundi.

Hapo ndipo nilipogonga meza. Nilikuwa katibu, lakini nilisema kama mtu aliyetukanwa, kwa sababu na mimi nilitukanwa.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mwaka 1998 nilianza kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji Nasser Road, nikifagia na kubeba karatasi. Siku moja mpanga kurasa aliugua, nikawekwa mbele ya kompyuta yenye PageMaker. Hakuna aliyenifundisha lugha yoyote ya mashine, na kama wangedai niijue kwanza, leo ningekuwa bado nafagia. Nilifundishwa na jicho na mkono: vuta safu hii, sogeza picha ile, chapa, tazama, rekebisha. Baada ya miezi michache nilikuwa napanga kalenda, kadi za harusi na mabango ya uchaguzi. Chombo cha kuona kilinifungulia mlango ambao wasomi walikuwa wameufunga. Kwa hiyo kijana aliyetoka chuo asisimame mbele yangu kusema kwamba mwenye kutumia kipanya si mfanyakazi wa kweli. Mwajiri akilisikia neno hilo atalifurahia sana, na kesho yake ataligeuza kuwa ngazi ya mshahara. Tena ameshaligeuza. Katika ofisi moja ambayo wanachama wetu wanafanya kazi, watu wawili wanatengeneza tovuti zile zile kwa wateja wale wale, mmoja analipwa zaidi kwa kuwa eti yeye "anaandika" na mwenzake "anachora".

Lakini nilipomaliza kuwatetea, binti mmoja wa upande wa pili alinyanyua mkono akaniuliza kwa heshima: "Mzee, hizo kalenda ulizopanga mwaka 1998, unaweza kuzifungua leo?"

Nilikaa kimya. Hazifunguki. PageMaker ilitengenezwa na kampuni ya Aldus mwaka 1985. Mwaka 1994 Adobe iliinunua Aldus pamoja na PageMaker yake. Mwaka 1999 Adobe ilileta programu nyingine, InDesign, na toleo la mwisho la PageMaker likatoka mwaka 2001. Sisi Nasser Road hatukuulizwa. Nakumbuka shule moja ilikuja kutaka gazeti lake la wanafunzi lichapwe upya. Tulikuwa nalo kwenye sahani ya CD, tumelitunza vizuri ndani ya sanduku, na programu mpya ikakataa kabisa kulisoma. Tulikesha siku nne tukiandika upya kurasa themanini bila malipo ya ziada, kwa sababu tajiri alisema kosa si lake. Kwa kweli halikuwa lake. Wala halikuwa letu. Aliyelifanya hatumjui hata kwa sura, naye hakukesha.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitazame, ndugu, na tuache kutazamana sisi kwa sisi kwa jicho baya. Suala si kipanya wala mstari. Tuulize ufunguo wa chombo cha kazi uko mkononi mwa nani.

Tovuti zenyewe zilizaliwa bila kufuli. Mwingereza Tim Berners-Lee alizibuni akiwa CERN, taasisi ya sayansi iliyoko karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ilitangaza kwamba kazi hiyo ni ya watu wote, hakuna wa kudaiwa ada. Lugha ya tovuti ni maandishi ya kawaida. Ukiwa na programu yoyote ya kuandikia, hata ile duni kuliko zote, unaweza kuifungua na kuisoma. Ndipo makampuni yakaja na vyombo vyao vya kuirahisisha. Microsoft ilinunua FrontPage mwaka 1996. Macromedia ilitoa Dreamweaver mwaka 1997. Vilisaidia wengi, sikatai. Lakini tovuti nyingi za FrontPage zilitaka programu nyongeza ya Microsoft iwekwe pia kwenye mashine inayohifadhi tovuti, vinginevyo baadhi ya sehemu zake hazikufanya kazi. Mwaka 2006 Microsoft iliiacha FrontPage. Waliojenga riziki yao juu yake walibaki kama fundi cherehani ambaye sindano za cherehani yake hazitengenezwi tena.

Dreamweaver ilipita mkononi mwa Adobe ilipoinunua Macromedia mwaka 2005. Mwaka 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake hayatauzwa tena moja kwa moja. Mtu atakodi. Usipolipa, chombo kinajifunga. Wafanyakazi wa Ulaya walilalamika, lakini wao walau wanalipa kwa fedha wanazopokea. Sisi tunapokea shilingi na kodi ile huhesabiwa kwa dola, tena kwa kadi ya benki ambayo vijana wetu wengi hawana.

Sasa nieleze yaliyompata mwanachama wetu, maana ndiyo yaliyoleta ugomvi mkutanoni. Ofisi yao ilikuwa imekodi programu za kuona. Biashara ikalegea, mwajiri akaacha kulipa. Asubuhi moja wakakuta programu haifunguki, na mteja anataka kazi Ijumaa. Mkubwa wao akasema, "Jitafutieni njia." Ndugu, mnajua maana ya maneno hayo. Mwanachama wetu akaenda kwa rafiki, akapata nakala ya wizi, akaiweka, kazi ikakamilika Ijumaa, mteja akalipa, mwajiri akapokea. Miezi miwili baadaye kompyuta zote za ofisi zikaingiwa na ugonjwa na mafaili yakapotea. Hapo ndipo mkubwa alipokumbuka kwamba nakala za wizi ni kinyume cha sheria. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, naye aliitaja vizuri sana kwenye barua ya onyo. Mfanyakazi alikatwa nusu ya mshahara. Faida ya Ijumaa ile haikutajwa popote katika barua hiyo.

Tunalishughulikia shauri hilo, maana sheria ya ajira ya mwaka huo huo wa 2006 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara wa mtu apendavyo. Lakini hata tukishinda, wengine wako katika hatari ile ile leo hii. Nimetembea Nasser Road najua ninachosema.

Vijana wa programu huria walisema: "Si tuliwaambia? Njooni kwetu, hakuna kufuli wala kodi." Hapa nao nina neno nao. Ni kweli wengi wao hutumia Visual Studio Code bila kulipa senti. Lakini waulize ni ya nani. Ni ya Microsoft, ile ile ya FrontPage, iliyoitoa mwaka 2015. Maandishi yake ya ndani yako wazi, ndiyo, lakini ile iliyokwisha fungashwa ambayo watu huipakua hutolewa kwa leseni ya Microsoft yenyewe. Kabla yake wengi walipenda Atom, chombo huria cha GitHub. Microsoft iliinunua GitHub mwaka 2018, na tarehe 15 Desemba 2022 Atom ikafungwa. Tajiri akifungua mlango wake bila kiingilio bado ni mlango wake.

Hata hivyo nilipofuatilia, niliona tofauti moja ambayo ilinifanya nibadili msimamo niliokuwa nao nilipogonga meza. Adobe ilikuwa na vyombo viwili vya tovuti. Kimoja, Muse, kilikuwa cha kuona na cha kufungwa. Kingine, Brackets, kilikuwa huria. Adobe iliacha kuitunza Muse mwezi Machi 2020. Ikaacha Brackets mwaka uliofuata. Muse ilikufa, na faili zake zikabaki kama zile kalenda zangu. Brackets ilichukuliwa na watu wengine wakaiendeleza, kwa sababu maandishi yake ya ndani hayakuwa siri. Atom vile vile ilipofungwa, wapenzi wake waliichukua wakaipa jina la Pulsar. Tajiri yule yule, uamuzi ule ule wa kuacha, lakini wafanyakazi wa upande mmoja walibaki na chombo na wa upande wa pili wakabaki na sanduku. Binti yule alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo mbele ya wote, ingawa koo lilinikauka.

Tena si kweli kwamba jicho na uhuru ni maadui. WordPress ni programu huria tangu mwaka 2003, na tangu Desemba 2018 mtu hupanga kurasa zake kwa vipande anavyoviona na kuvisogeza. Kwa hiyo yule wa darasa la saba ana pa kuingilia bila kufungwa kamba.

Linaloniogopesha zaidi ni neno "bure". Waajiri wamelipokea kwa mikono miwili. Mmoja alituambia katika mazungumzo kwamba kwa kuwa ofisi imehamia programu huria, wafanyakazi watajifunza wenyewe usiku nyumbani, kwa umeme wao na intaneti yao, kwa sababu "kila kitu kiko bure." Nilimuuliza kama na usiku ule ni bure. Kuhama kutoka chombo cha kuona kwenda kuandika kwa mkono kunamtaka mtu mzima miezi kadhaa ya kujifunza, na katika miezi hiyo huwa mzito, hukosea, huonekana mjinga mbele ya watoto. Nimewaona wapanga kurasa hodari, watu wa miaka ishirini kazini, wakikaa nyuma ya darasa kama wageni. Gharama ya leseni imeondolewa kwenye mfuko wa mwajiri ikawekwa kwenye mgongo wa mfanyakazi, basi. Hao wanaohubiri programu huria wangekuwa wa kwanza kulipigia kelele jambo hili, badala ya kuwacheka wenzao.

Mwishoni mkutano ulikubaliana, kwa kura, kwamba katika mkataba tutakaoujadili mwaka huu tutadai mwajiri atakayechagua programu ya kukodi ailipie yeye, na kama haikulipwa, siku ambazo chombo kimefungwa zihesabiwe kuwa siku za kazi. Asiwepo mfanyakazi wa kuambiwa "jitafutie njia". Agizo la kuweka programu yoyote liandikwe na kutiwa sahihi. Kazi zote zihifadhiwe pia katika maandishi ya kawaida ambayo hayahitaji ufunguo wa kampuni moja. Na ofisi ikihama kwenda programu huria, mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi. Kuhusu ngazi ya mshahara kati ya "anayeandika" na "anayechora" hatukukubaliana. Vijana wachache walishikilia ubishi mpaka saa mbili usiku, mlinzi akaja kuzima taa, na jambo hilo limerudishwa kwa kamati.

Kifungu cha siku ambazo chombo kimefungwa ndicho kinachotusumbua kukiandika. Mwanasheria wetu anataka tueleze "kufungwa" kwa maneno ambayo mwajiri hatayakwepa, kwani anaweza kudai kwamba kompyuta inawaka hivyo kazi ipo. Wenzetu wa Nairobi, Mwanza na Kigali, kama tawi lenu limewahi kuweka kifungu cha namna hii kwenye mkataba, tafadhali tutumieni nakala kupitia kwa mhariri kabla mazungumzo hayajaanza.