Goa kwa mahari ya nani? Nasi tulikwenda Nyasa



Msimu wa harusi ukiingia, sisi wenye duka la kushona husikia habari kabla hata ya shekhe wa kufungisha ndoa. Duka letu ni la mume na mke, mmoja anakata na mwengine anashona, na bibi harusi akija kupimwa huwa anazungumza. Miaka iliyopita maneno yalikuwa ukumbi na keki. Siku hizi ni safari: ataenda wapi baada ya harusi, na picha zitapigwa wapi. Jina linalotajwa sana dukani kwetu ni Goa, kule India walikotawala Wareno. Wameona kwenye simu makanisa meupe, vichochoro vya Fontainhas vyenye nyumba za manjano na buluu, na mume na mke wameshikana mikono ufukweni.

Hatuna ugomvi na Goa. Mwenye uwezo aende, na Mwenyezi Mungu amrudishe salama. Kilichotufanya tuandike ni jambo la bibi harusi mmoja ambaye, tepu iko kiunoni, alitueleza bila wasiwasi wowote kwamba mahari yake hatapewa mkononi. Upande wa mume umesema pesa ile ndiyo itakayokata tiketi za Goa na kulipa hoteli. "Si ni yangu hiyo hiyo, nitaila kwa raha," akatuambia. Tukamuuliza tiketi ni ngapi. Mbili. Basi moja ni ya bwana harusi. Tangu lini mwanamume akajilipa mahari?

Na si huyo peke yake. Tumesikia ya mahari inayoandikwa "baadaye" huku ukumbi na safari vinalipwa leo, taslimu. Tumesikia ya mkopo wa fungate ambao bibi harusi aliambiwa habari zake mwezi wa tatu wa ndoa, kijana wa mkopo alipobisha hodi. Suratun Nisaa, aya ya 4, imelimaliza suala hili: wanawake wapewe mahari yao, na mume hali kitu humo ila kile ambacho mke mwenyewe ameachia kwa moyo mkunjufu. Mtu wa elimu atatuambia kwamba mahari inaweza kuwa manufaa badala ya fedha, hata kufundishwa Qur'ani. Tunakubali. Lakini hilo hutajwa kwenye akdi, bibi harusi akalisikia na kuliridhia, si kupangwa na mashemeji sebuleni naye yuko chumbani anapakwa hina. Moyo mkunjufu haupatikani kwa msichana anayeogopa kuitwa mkaidi wiki moja kabla ya harusi yake.

Sasa hiyo Goa yenyewe. Wareno wakiongozwa na Afonso de Albuquerque waliuteka mji huo mwaka 1510 kutoka kwa utawala wa Kiislamu wa Bijapur, na Waislamu wa mji wakauawa kwa wingi, wanawake na watoto wamo. Miaka mitano nyuma, 1505, Francisco de Almeida akiwa njiani kwenda India aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Baadaye Goa ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wao wa mashariki, na amri za kuja pwani yetu zilitoka huko, mpaka Waomani walipoichukua Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698. Goa wenyewe Wareno waliondolewa na jeshi la India Disemba 1961. Wametuachia meza, bendera na gereza katika maneno yetu, na hata hiyo leso unayojifunga asili ya jina lake ni Kireno. Hatusemi usipige picha pale. Tunasema ukisimama mbele ya ule ukuta ujue umesimama mbele ya nini, maana wengi wanaotuonyesha picha wanajua jina la hoteli tu.

Sisi tulipopata nafasi ya kusafiri wawili, tulikwenda Ziwa Nyasa, upande wa Mkoa wa Ruvuma. Watu walitucheka. Huko kuna nini? Kwetu kulikuwa na sababu. Bibi mzaa baba wa mmoja wetu, mtu wa Ng'ambo hapa Unguja, alikuwa akiitwa Mnyasa. Akiulizwa maana yake hujibu "watu wa bara" na kubadilisha mazungumzo. Wanyasa wako wengi visiwani, na wengi wao wamefundishwa kutosema. Tukaona kabla ya kwenda kutazama nyumba za Wareno, tukalitazame hilo ziwa lililotoa jina la bibi.

Njia ni ndefu, hatuwadanganyi. Boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi la alfajiri mpaka Songea, siku nzima ya barabara. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar alipoletewa mtu wa kumshuhudia mwenziwe, miongoni mwa aliyomuuliza ni kama amewahi kusafiri naye. Tulielewa kwa nini. Katika fungate ya nyumbani somo yupo, chakula kinaletwa kimefunikwa kawa, na mume anaingia amejifukiza udi. Ndani ya basi, saa kumi alfajiri, hakuna udi. Hapo unajua nani anampa mwenziwe kiti cha dirishani, nani anakasirika maji yakiisha, nani anakumbuka kuuliza dereva atasimama wapi watu wasali.

Songea tulilala na asubuhi tukaenda Makumbusho ya Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale mashujaa wa vita hivyo, na wengi wao wamezikwa katika kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano, aliyeupa mji jina, ana kaburi lake mwenyewe, lakini inaelezwa kuwa kichwa chake kilichukuliwa, na mpaka leo jamaa zake wanakidai. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo akaomba msamaha. Tulisimama muda mrefu. Kuna watakaosema makaburi si mahali pa maharusi. Sisi tumefundishwa kuwa kuzuru makaburi kunakumbusha akhera, na ndoa inayoanza kwa kukumbuka akhera haina hasara.

Mbinga ni mwendo wa kama kilomita 100 kutoka Songea, lami yote, na ni baridi. Wapendwa, baridi ya Mbinga mwezi wa Juni si ya shali ya harusini. Chukueni sweta la kweli. Huko ndiko kwa Wamatengo, wenye kahawa na wenye ngoro. Ngoro ni mashimo ya kilimo yanayochimbwa kwa mpangilio kwenye miteremko mikali ya milima, ukiwa mbali unaona mlima mzima umefumwa kama mkeka. Majani hulazwa kwa mistari ya kukatana, kisha udongo hufukuliwa katikati na kufunika majani yale, na juu ya matuta hupandwa mahindi na maharage. Maji ya mvua hubaki kwenye shimo, udongo hauporomoki. Kwa kawaida mwanamume ndiye hufyeka na kupanga majani, na mwanamke ndiye hufukua na kufunika. Sisi wa cherehani tuliitazama ile mistari tukaona kazi ya mtu anayejua kupima kwa jicho.

Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kama kilomita 66 za kuteremka, nayo sasa ni lami. Baridi inaachwa juu, koti linavuliwa, na ghafla ziwa liko chini yenu, maji mpaka upeo wa macho. Mtu wa kisiwani anaona bahari. Mchanga upo, mitumbwi ipo, dagaa wameanikwa, usiku taa za wavuvi zimejipanga kama mji. Kinachokosekana ni chumvi. Mmoja wetu alitia udhu ziwani akabaki anacheka, maana mwili wote ulikuwa unasubiri chumvi na haikuja.

Hapo ufukweni ndipo tulipozungumza habari za bibi. Ng'ambo ya ziwa hilo, kusini zaidi upande wa Malawi, uko mji wa Nkhotakota, na katika karne ya 19 watawala wake walioitwa Jumbe walikuwa Waislamu wenye asili ya pwani, wakimtambua Sultani wa Zanzibar. Majahazi yao yalivusha pembe za ndovu na yalivusha watu. Watu hao walifikishwa upande wa mashariki wa ziwa, kisha kwa miguu mpaka Kilwa, na wengine wakaletwa kwenye soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873. Waliovusha walikuwa wanasali kama sisi. Ni vizuri tuliseme hili sisi wenyewe, kwa sababu tunapenda kutaja ya Wareno na Wajerumani na kunyamaza hapa. Na bibi anayekaa Ng'ambo akaitwa Mnyasa, huenda jina lake lilipita majini mule. Tulimuombea dua tukiwa tumekaa kwenye mtumbwi mkavu, na mwenye mtumbwi akasubiri tumalize ndipo aulize tunakwenda wapi.

Siku ya pili tulikwenda Liuli, kaskazini kidogo kwa njia ya pwani ya ziwa. Kuna mwamba pale majini unaofanana na sanamu la Misri lenye kichwa cha mtu, na kwa sababu hiyo Wajerumani waliita bandari hiyo Sphinxhafen. Wenyeji wanauita Pomonda, na wanasimulia kuwa ndani yake watu walikuwa wakijificha nyakati za vita. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilitokea hapo ikaishambulia meli ya Wajerumani iliyokuwa nchi kavu inatengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hata habari ya vita vya dunia hajaipata. Alikuwa rafiki wa nahodha wa Kiingereza, akamwendea kwa mashua kumuuliza ana wazimu gani. Meli yenyewe iliitwa Hermann von Wissmann. Mtu wa pwani alisikiye jina hilo vizuri: Wissmann ndiye aliyetumwa kuvunja vita vya Abushiri, na Abushiri alinyongwa Pangani Disemba 1889. Tumesafiri wiki nzima kutoka baharini tukamkuta Wissmann huyo huyo kwenye maji baridi.

Kwa anayetaka kwenda, mambo machache. Wengi wa wenyeji ni Wakristo, Wakatoliki kule Mbinga na Waanglikana wengi Liuli, na walitupokea vizuri. Misikiti ipo Mbinga mjini na Mbamba Bay. Kitimoto kinauzwa sana huko, kwa hiyo kwenye mgahawa ulizeni sufuria, msione haya. Ziwani mambo ni mepesi: samaki hahitaji kuchinjwa, na mbasa wa kuchoma kwa ugali wa muhogo alitutosha siku zote. Msafiri anapunguza na kukusanya sala, lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, unasali kamili. Kuogelea, ulizeni wenyeji kwanza, hasa karibu na midomo ya mito ambako mamba huwepo. Bibi harusi asiingie na dera la pamba, linanyonya maji na kuvuta chini. Kitambaa cha kuogelea kinashonwa kwa stara na kinakauka upesi. Upepo wa kusi, ambao wao wanauita mwera, unachafua maji katikati ya mwaka. Mvua nyingi ni Disemba mpaka Aprili. Tunaona Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri.

Mtauliza pesa. Safari yetu haikuwa bure, lakini hatukukopa, na haikugusa kitu chochote kilichoandikwa kwa jina la mke. Yule bibi harusi wa Goa tulimuuliza swali moja tu, kama akdi itataja safari au itataja fedha. Hakujua. Alikwenda kumuuliza baba yake, na wiki ya pili alirudi kufuata shela lake akiwa na jibu: fedha, na zikabidhiwe kwake mbele ya mashahidi kabla ya kuondoka ukumbini. Goa imesogezwa mpaka mwaka ujao. Upande wa mume, tunasikia, hawajafurahi. Shela tumemaliza, limebaki pindo la nyuma.