Nyunzu: Mteja ndiye anayekuza biashara

Mjini Nyunzu, kwenye reli ya Kabalo hadi Kalemie, wengi hufungua biashara wakifikiria mtaji tu. Mteja husahaulika.

Kenya ina somo. Mwaka 2005, M-Pesa ilijaribiwa Nairobi na Thika ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaigeuza: wakaanza kutumiana pesa. Safaricom haikuwazuia, iliwafuata. Machi 2007 ikazindua huduma kwa kazi hiyo hasa, na leo ni nguzo kubwa ya mapato yake.

Mwenye mashini ya kusaga mihogo Nyunzu anaweza kufanya vilevile. Awaulize akina mama: mashini iwashwe saa ngapi? Walipe kwa franka ama kwa unga? Wakisikilizwa, wataleta na majirani zao.

Na wateja ni wote, Waluba na Watwa. Mapigano kati ya jamii hizo yamekimbiza wengi vijijini mwao. Mfanyabiashara anayebagua upande mmoja hapotezi pesa tu, anapoteza pia mashauri ya kumkuza. Mlango wake uwe wazi kwa kila mtu.