Aprili, maua na begi la shule

Jamani, Wajapani wanajua kumpokea mtoto. Mwaka wao wa shule huanza Aprili, na sehemu nyingi za nchi maua ya sakura huchanua karibu na siku hizo. Wa darasa la kwanza hufanyiwa sherehe kabisa, iitwayo nyugakushiki. Wazazi hutinga suti, mwalimu mkuu huhutubia, picha hupigwa langoni. Mtoto wa miaka sita anaambiwa mbele ya watu kwamba alikuwa anasubiriwa. Hilo nalipenda.

Tatizo ni begi. Linaitwa randoseru, gumu, la ngozi au kitu mfano wa ngozi, la kubebwa miaka yote sita ya shule ya msingi. Bei yake mara nyingi hupita yen 50,000. Wengi hununuliwa na babu na bibi. Je, asiye nao?

Krismasi ya 2010, mtu ambaye wakati huo hakujulikana aliacha mabegi 10 kwenye kituo cha huduma za watoto, Maebashi. Alijiita Date Naoto, yaani shujaa wa katuni ya Tiger Mask, aliyelelewa kituo cha yatima. Baada ya hapo wengi wakamuiga nchi nzima.

Nampongeza. Lakini heshima ya mtoto isingoje huruma ya mtu aliyejificha. Hakuna sheria inayodai randoseru. Kinachomlazimisha mzazi ni macho ya watu. Sherehe ibaki, maua yabaki. Shule ziseme tu waziwazi: begi lolote linafaa. Au nakosea?